Fiwi Tatu Zilizovuka Mpaka

"Nataka kukuomba kitu, Encarna. Ukikataa sitanuna, ila niache nimalize kwanza."

Encarna akaweka kikombe chini. Masikio ya Reme yalikuwa bado mekundu, maana asubuhi ile hotelini Encarna alikuwa amemvuta mara sitini, mvuto mmoja kwa kila mwaka, kama ada ya siku ya kuzaliwa inavyotaka, na Reme alihesabu kwa sauti huku akilalamika tangu wa kwanza. Sasa walikuwa wamekaa nje ya mkahawa katikati ya Valencia, jua la mwezi wa tano linawapiga miguuni, hawana haraka ya kitu chochote. Ndivyo Reme alivyotaka sikukuu yake iwe: siku tatu mjini na rafiki yake, watembee polepole, wale kwa nafasi, walale mchana. Foleni za makumbusho wawaachie wageni.

"Sema, shoga."

"Nataka kumwalika Eliseo chakula cha mchana leo."

Encarna akashika ukingo wa meza. Ngoja niwaambie Eliseo ni nani, msije mkadhani mwanamke huyu ana ugonjwa wa moyo. Eliseo ni mdogo wake Reme, tumbo moja. Miaka thelathini iliyopita, kwao Teruel, alimwacha Encarna kanisani na gauni lake jeupe na maua mkononi, padri anatazama saa. Bwana harusi alikuwa kwenye treni ya Valencia. Hakuwa na mwanamke mwingine wala deni la mtu. Alishikwa na woga tu, woga wa kijana wa miaka ishirini na saba, na woga una miguu.

Reme ndiye aliyemtoa Encarna kanisani kwa mkono. Alilala sakafuni chumbani kwake wiki sita. Alimfungulia saluni yake asubuhi na kuwajibu wateja wambeya. Kisha akampigia mdogo wake simu moja tu: "Siku Encarna atakaponiambia amekusamehe, ndiyo siku utakayokuwa ndugu yangu tena. Kabla ya hapo usinitafute." Na Reme akisema amesema. Hata mama yao alipozikwa, miaka tisa nyuma, kaka na dada walikaa mabenchi mawili tofauti na kila mmoja akalia kivyake.

"Nimefika sitini," Reme alikuwa anasema, macho kwenye kahawa. "Sikuombi umsamehe. Nakuomba ruhusa ya kula naye mara moja, na wewe ukiwepo, ili usije ukasema nimekwenda nyuma ya mgongo wako. Ukikataa, tutakula wawili na sitalitaja tena mpaka naingia kaburini."

Jamani, Encarna alitaka ardhi impasukie. Maana yule mtu alishamsamehe. Alimsamehe miaka miwili iliyopita, na hakuishia kusamehe.

Ilikuwa mwezi wa tatu, amekuja Valencia kununua vifaa vya saluni, akapita sokoni. Akasikia sauti nyuma yake inaulizia fiwi, yale maharage mapana meupe wanayopikia wali huku. Akageuka. Eliseo alikuwa na mvi, amebeba kikapu, na alipomwona alilia palepale mbele ya muuza maharage bila kujali watu. Hakujitetea. Alisema alikuwa mwoga, na kwamba ndoa aliyokuja kufunga baadaye ilivunjika kwa sababu ileile: hakuwahi kukaa mahali akatulia. Wakanywa kahawa moja, ikawa mbili. Tangu hapo, kila baada ya wiki mbili, Jumatatu saluni ikiwa imefungwa, Encarna anapanda treni kwenda kwa Eliseo, ambaye ni seremala, na wanapika wali kwenye ua wa karakana yake kwa vipande vya mbao za mchungwa.

Na Teruel je, aliwaambia nini? Aliwaambia goti linamuuma. Kwamba Valencia kuna mtaalamu wa kukanda magoti. Reme alimwamini kama anavyoamini misa. Alimfumia soksi ya sufu ya kuvalia goti, rangi ya bluu. Alimwashia mishumaa kanisani. Hata jana stesheni alimnyang'anya begi akalibeba mwenyewe, mtu wa miaka sitini kasoro siku moja, eti mgonjwa asijitese. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila huyu wa kwetu alikuwa anaficha uzima.

Pale mezani ndipo palikuwa mahali pa kusema. Encarna alilijua hilo, na ulimi ulifika mpaka kwenye meno. Kisha akauona uso wa Reme unavyomwomba, mtu ambaye hajawahi kumwomba mtu kitu, akawaza: nikimwambia sasa kwamba ruhusa anayoniomba ningeweza kumpa miaka miwili nyuma, nitamkosa leoleo.

"Mwalike," akasema.

Reme akamshika mkono, akaubusu. Hilo ndilo lililomuuma Encarna kuliko yote.

Akaenda msalani, akafunga mlango, akamwandikia Eliseo: "Reme atakupigia sasa hivi. Anataka mpatane. Tutakula wote watatu. Jifanye hujaniona miaka thelathini."

Jibu likaja: "Nimechoka kuwa goti, Encarna. Tumwambie leo."

"Si leo. Ni sikukuu yake. Nitamwambia tukifika nyumbani."

"Na nikishindwa kujifanya?"

"Hutashindwa. Uliweza kutokuja kanisani."

Kisha: "Hiyo nimestahili. Sawa."

Saa nane na nusu walikuwa kwenye ua wa mgahawa mmoja nyuma ya bustani ya Turia. Eliseo alikuwa ameshafika, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linatisha. Reme alipomwona alisimama mlangoni. Hakuna aliyejua aanze nani. Mwishowe Reme akaenda, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamwambia amekonda na kwamba mvi zimemzeesha.

"Msalimie Encarna," Reme akamwamuru, kana kwamba bado ana miaka minane.

"Encarna. Siku nyingi," Eliseo akasema.

"Nyingi," Encarna akajibu, na wakapeana mkono wa baridi kama watu wanaofunga biashara ya ng'ombe. Siku nyingi zenyewe zilikuwa kumi na mbili.

Reme akapanga viti mwenyewe. Meza ilikuwa ya mviringo, viti vinne. Kati ya Encarna na Eliseo akaacha kiti kimoja, akaweka juu yake mkoba wake mkubwa wa ngozi, kama ukuta. Akamkonyeza Encarna: usiogope, nipo.

Mazungumzo yakaanza kwa kuchechemea. Reme aliulizia kazi, mdogo mtu akaeleza habari za milango na makabati. Wakamtaja baba yao, ambaye alitoka mashamba ya mpunga huku chini, akahamia Teruel kwa kazi ya reli, lakini kila Jumapili alipika wali wa kwao kwenye sufuria pana, bapa, na kuwalisha humohumo bila sahani. Reme alikumbuka jinsi alivyokuwa akivusha kijiko kuiba ukoko upande wa Eliseo, na baba akimgonga vidole kwa kijiko cha mbao. Wakacheka. Kicheko cha kwanza cha ndugu wale wawili tangu Encarna alipokuwa msichana. Encarna akainama akijifanya anatafuta kitambaa.

Ndipo sufuria ikaja, inafuka, wali wa njano umekauka vizuri juu, vipande vya sungura na kuku, fiwi zimetawanyika. Mhudumu akaiweka katikati, akauliza nani anataka sahani.

Sasa sikieni adabu ya sufuria hii, na anayejua adabu ya sinia ataielewa mara moja. Kila mtu ana upande wake, kuanzia ukingoni mpaka katikati, na mpaka haonyeshwi mtu, anaujua. Unakula mbele yako. Usichokipenda unakisukuma katikati, atakayekitaka atakichukua. Kuvuka upande wa mwenzio ni utovu wa adabu, labda awe mkeo au mumeo.

Lakini watu wa Teruel hawana mambo hayo. Kwao ni sahani. Reme amesafiri na Encarna miaka yote, na kila mahali walipoletewa sufuria hii Encarna aliomba sahani, akisema hawezi kula kama kuku bandani.

Siku hiyo hakuomba. Alikuwa anawaza mambo mengine, mkono ukajiendea wenyewe. Ukachukua kijiko cha mbao, ukachora mstari mwembamba kulia, mwingine kushoto, ukaanza kula kutoka ukingoni kuelekea katikati bila kubomoa kingo. Reme akamtazama mara moja, akaendelea kutafuna.

Kisha Encarna akakutana na fiwi. Hazipendi, anasema zinamkaba. Na bila kunyanyua macho, huku akimsikiliza Reme anaelezea majirani, akazisukuma kwa ncha ya kijiko, moja, mbili, tatu, zikavuka mpaka zikaingia kwa Eliseo. Eliseo naye, bila kunyanyua macho, akazila. Kisha akakwangua chini mbele yake, akabandua kipande kizuri cha ukoko, akakisogeza kwa Encarna. Encarna akakitia mdomoni.

Reme alikuwa katikati ya sentensi. Hakuimalizia.

Akatazama ule mstari wa wali ulivyobomoka mahali padogo, fiwi zilipopita. Akamtazama mdogo wake. Akamtazama Encarna. Encarna ndipo akaona mkono wake ulichofanya, akaurudisha mapajani.

"Mmekula pamoja mara ngapi?" Reme akauliza taratibu.

Eliseo akautazama mkoba kitini.

"Si mara moja. Mtu hafanyi hivyo mara ya kwanza. Hata mara ya kumi hafanyi. Encarna, nimekuuliza."

"Tangu mwaka juzi," Encarna akasema. "Mwezi wa tatu."

"Mwaka juzi." Reme akaweka kijiko chake ubavuni mwa sufuria, kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Kwa hiyo ulishamsamehe."

"Nilimsamehe."

Reme akainuka. Hakugonga meza. Aliuacha mkoba wake pale kitini, akatoka kwenye ua, akavuka barabara akateremka ngazi za bustani.

"Mfuate," Eliseo akasema, uso umemwisha damu. "Mimi akiniona atazidi."

Encarna akainuka, akakimbia. Aliteremka ngazi mbilimbili, akapita kwenye nyasi, akawapita vijana waliokuwa wanafanya mazoezi. Ule ni mto ulioondolewa maji ukapandwa miti, mrefu huo, na mtu akitembea kwa hasira anaweza kufika mwisho wa mji. Akamkuta kwenye benchi chini ya michungwa, mikono mapajani.

Encarna akasimama mbele yake anahema. Reme hakumtazama.

"Miaka thelathini, Encarna. Nilimwambia siku utakayosema umemsamehe ndiyo siku atakayokuwa ndugu yangu. Wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo. Miaka miwili umeuweka mfukoni, unanitazama nikisimama nje ya mlango."

"Najua."

"Krismasi mbili. Kila Krismasi ninaweka picha ya mama mezani na ninajiuliza huko Valencia yule mjinga anakula na nani. Wewe umekaa kando yangu unanipitishia mkate. Unajua anakula na nani."

"Najua, Reme."

"Kwa nini?"

Encarna akakaa kwenye ukingo wa benchi, mbali kidogo. Alikuwa ameandaa maneno mazuri mara nyingi kwenye treni, na sasa hakuna hata moja lililobaki.

"Niliona aibu. Mji mzima ulinihurumia, na wewe ulinibeba mgongoni. Mtu aliyebebwa vile anarudije kwa yuleyule aliyemwangusha? Nilijiona mjinga mara mbili. Mwezi wa kwanza nikasema nitakwambia. Mwezi wa pili nikasema utaniuliza kwa nini sikukwambia wa kwanza. Kila siku iliyopita iliongeza kosa. Na niliogopa utaniambia umempoteza ndugu yako bure, kwa ajili ya mwanamke ambaye hata hasira yake hakuweza kuitunza."

"Ndicho ninachokwambia."

"Basi umeniambia. Mimi ninaweza kumwacha Eliseo, niliishi bila yeye na sikufa. Bila wewe sijui, sijawahi kujaribu."

Reme akageuza kichwa polepole, akamtazama Encarna kuanzia usoni, akashuka mpaka miguuni, akasimama hapo.

"Umekuja mbio," akasema.

"Nimekuja mbio."

"Zile ngazi zote."

"Zote."

"Na goti?"

Encarna akafumba macho. "Goti ni zima. Halijawahi kuuma hata siku moja."

"Nilikufumia soksi ya sufu."

"Naivaa wakati wa baridi. Ina joto sana."

"Nimewasha mishumaa, Encarna. Miaka miwili nawasha mishumaa kwa ajili ya goti zima. Jana nimebeba begi lako, lile la mawe. Mgongo wangu mpaka sasa." Midomo ya Reme ilikuwa inatetemeka, na Encarna hakujua ni kilio au nini, mpaka kikamtoka: kicheko, cha kukataa, cha mtu anayecheka huku bado ana hasira. Akajaribu kukizuia kikamzidi. Akacheka mpaka machozi, na machozi yalipokuja hayakuondoka, akawa analia kabisa, kichwa begani kwa Encarna.

"Sikiliza," akasema alipopata pumzi. "Hasira yangu iko palepale, itakaa mpaka Krismasi, jiandae. Lakini sikiliza. Miaka thelathini nakuona unafunga saluni jioni unakwenda nyumbani peke yako, na kila nikikuona nasema, huyu ni sisi tuliomfanya hivi. Ni damu yetu. Kila nilipokukaribisha nyumbani kwangu nilikuwa nakupenda, ndiyo, lakini nilikuwa pia naomba msamaha. Hata leo asubuhi. Sasa naambiwa ulikuwa unakula ukoko na kucheka Jumatatu zote hizo. Unajua umenitua mzigo gani?"

Mwili wote wa Encarna ulikuwa umelegea kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba uvimbe si kitu. Miaka miwili alikuwa anabana pumzi, na sasa ilimtoka yote, palepale kwenye benchi.

"Anakutendea vizuri?" Reme akauliza akipangusa pua.

"Stesheni ananisubiri nusu saa kabla treni haijafika. Anasema safari hii yeye ndiye wa kungoja."

"Hata mara mia haitoshi," Reme akasema, lakini akainuka, akampa mkono. "Twende. Mkoba wangu uko kule, na sijala."

Walikuwa wametoka karibu saa nzima. Ua ulikuwa umebaki mtupu. Eliseo alikuwa amekaa peke yake mbele ya sufuria, kiganja kimoja kimeshika ukingo wake, na mhudumu amesimama kando amechoka, anasema kwa mara ya sijui ngapi kwamba wanafunga jiko na vyombo vinatakiwa. Eliseo alikuwa anamjibu kwa upole kwamba hawezi kuitoa, kuna mtu hajamaliza.

Reme akakaribia, akatazama. Upande wa Encarna ulikuwa vilevile. Upande wake mwenyewe ulikuwa vilevile, kingo zimesimama, kipande cha sungura kiko alipokiacha, kijiko chake kimelala palepale ubavuni. Wali ulikuwa umepoa kitambo.

"Kwa nini hukula?" akamuuliza mdogo wake.

"Wangu nilikula. Huu ni wako, dada. Sikuugusa."

Reme akasimama hapo kidogo. Kisha akauchukua mkoba wake kutoka kwenye kile kiti cha katikati, akauweka chini miguuni kwake, akakaa. Kiti kikabaki wazi. Encarna alikitazama, akamtazama Reme, akahamia.

Wakala wali wa baridi. Mhudumu alishusha pumzi akaenda zake. Reme alikula upande wake wote, taratibu, hajamtazama mtu. Alipomaliza akalamba kijiko. Akakinyoosha, kikavuka katikati, kikaingia mpaka ndani kabisa kwa Eliseo, kikabandua ukoko wa mwisho uliokuwa umebaki.

Eliseo akamgonga vidole kwa kijiko chake cha mbao. Polepole tu, kama baba yao.

"Mwizi," akasema, na macho yake yakajaa.

"Mwoga," Reme akajibu, mdomo umejaa. "Na ukitaka kumuoa huyu, sema mapema. Maana safari hii nitakuleta kanisani mwenyewe nimekushika sikio, toka stesheni mpaka altare."

"Nishike yote mawili," Eliseo akasema.

Encarna akacheka. Akajivutia sufuria, akatafuta fiwi zote zilizobaki upande wake, akazisukuma kwa Eliseo moja baada ya nyingine, Reme akitazama.